Kuchonga au kutia alama? Niliyojifunza baada ya mabirika 80 kurudishwa

Mwezi wa Agosti mwaka jana gari lilisimama mbele ya karakana yetu hapa Mombasa, likashusha makatoni manane. Ndani yake mlikuwa na mabirika 80 ya chai ya stenlesi, yale yale tuliyoyapeleka kwa hoteli moja ya Pwani Kusini kabla ya Ramadhani. Kila birika lilikuwa na jina la hoteli ubavuni, na chini ya kila herufi palikuwa na mchirizi wa rangi ya kahawia. Birika lenyewe lilikuwa liking'ara kama siku lilipotoka dukani. Kilichooza ni jina.

Aliyeyaleta hakuja kwa ubaya. Alinipa mkono, akanisalimia, kisha akasema, "Mzee, wageni wanadhani ni maji ya chai yaliyo na kutu. Meneja amesema mturudishie pesa au mtuletee mengine."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilipoyapeleka mabirika hayo kwa karakana ya leza mjini, kijana wa mashine aliniuliza, "Mzee, wataka tuchonge au tutie alama tu?" Nami nikamjibu kwa kujiamini, "Chonga, mwanangu. Lizame. Sitaki jina la kufutika." Nikalipa zaidi, maana kuchonga kunachukua muda mrefu kwenye mashine. Kwa hiyo nilitoa pesa ya ziada ili niletewe kutu.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza, nikisoma na kujaribu, na sasa wenzangu wananiuliza mimi. Wako wanaouza makubadhi, wako wa mafuta ya nazi, wa manukato, wa vito vya fedha, na wote wanataka majina yao yaonekane kwenye bidhaa. Ndiyo sababu nimeona niyaandike haya.

Kwetu sisi Waswahili neno kuchonga lina heshima yake. Milango ya Lamu imechongwa. Siwa ya Pate ni pembe za ndovu zilizochongwa. Ukisimama mbele ya lango la Fort Jesus, juu yake kuna maandishi ya Kireno ya karne ya 17 yaliyochongwa kwenye jiwe, na mpaka leo yako pale. Mtu akilelewa katikati ya vitu kama hivyo atadhani kilichochongwa ndicho kinachodumu, na kilichotiwa juu juu ni cha kubabaisha. Mimi nilidhani hivyo. Nilichosahau ni kwamba mti, jiwe na pembe havishiki kutu.

Tuanze na leza yenyewe. Tulipokuwa watoto tulichukua kioo cha kukuzia, tukakusanya jua mpaka likawa nukta moja, karatasi ikashika moto. Leza ni jambo la jamaa hiyo, ila mwanga wake ni wa rangi moja tu na wote unakwenda njia moja, ndiyo maana unaweza kubanwa kwenye nukta ndogo kuliko unywele. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwezi Mei 1960, akitumia kipande cha yakuti nyekundu. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, akatengeneza ile inayotumia gesi ya kaboni dayoksaidi. Hiyo ya gesi ndiyo inayochoma mbao na ngozi katika karakana nyingi leo.

Katika mashine ya kuandika juu ya chuma, mwale huo huongozwa na vioo viwili vidogo vinavyogeuka upesi sana, na kompyuta ndiyo inayoviambia vigeuke wapi. Fundi anachagua nguvu ya mwale, kasi yake, na mara ngapi urudi pale pale. Mashine ile ile moja inaweza kuchonga na inaweza kutia alama. Kinachobadilika ni mpangilio wa fundi, na ndiyo maana swali la yule kijana lilikuwa la maana kuliko nilivyolichukulia.

Anapochonga, mwale hupiga kwa nguvu mpaka chuma kinayeyuka na kugeuka mvuke. Kinachobaki ni mfereji. Ukipitisha ukucha unausikia. Fundi akirudia mara nyingi, mfereji unazidi kuzama.

Anapotia alama, hakuna chuma kinachoondoka. Mwale hukipasha moto polepole, bila kufika kiwango cha kuyeyuka, na oksijeni ya hewani inashikana na uso wa chuma, ukajengeka utando mwembamba mno. Utando huo ndio unaoonekana mweusi, na ukipitisha kidole juu yake hausikii kitu. Jambo hili si geni kwetu. Mfua visu anajua kwamba chuma kikipata moto hugeuka manjano, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Itazame paipu ya moshi ya bodaboda, pale inapopinda karibu na injini, utaiona rangi ya buluu na dhahabu. Hakuna aliyeipaka. Ni moto na hewa. Leza hufanya hivyo hivyo, ila kwa herufi.

Kati ya hizo mbili kuna namna ya tatu, ambapo mwale unayeyusha uso kidogo tu na kuuacha mkwaruzo wenye rangi ya kijivu au nyeupe. Ni ya haraka na rahisi, na mafundi wengi huichanganya na kuchonga. Ukipeleka kazi, usikubali jina tu la kazi. Omba kipande cha majaribio, pitisha ukucha, utajua umepewa nini.

Sasa hii kutu. Watu wengi hudhani stenlesi haishiki kutu kwa sababu ni chuma cha namna nyingine kabisa. Sivyo. Ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu hiyo ikikutana na hewa inatengeneza ngozi nyembamba juu ya chuma, ngozi ambayo jicho haliioni, na hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiikwaruza inajirudisha yenyewe, madhali kuna hewa na uso ni safi. Kwa hiyo uzuri wote wa stenlesi uko kwenye ngozi yake.

Adui mkubwa wa ngozi hiyo ni kloridi, nayo imo kwenye chumvi. Na sisi wa pwani tunaishi ndani ya chumvi. Upepo wa kusi unaileta mpaka kwenye nyavu za madirisha. Juu ya ubavu laini wa birika chumvi hiyo haina pa kukaa, inaoshwa ikaenda. Lakini ukishachonga mfereji umeipatia nyumba. Maji ya chumvi yanaingia ndani ya herufi, yanakauka, yanazidi kuwa makali, na chini kabisa ya mfereji hewa haifiki vizuri. Ngozi ikitoboka pale, haipati oksijeni ya kujiponya. Shimo dogo linaanza, na likishaanza linajichimba lenyewe.

Tena kuna jambo la pili ambalo sikulijua. Leza inapochonga, kuta za mfereji zinabaki zimeungua. Chuma kilichoyeyuka kinaganda upya kikiwa na magamba, na kromiamu ya juu imeshikana na oksijeni ikawa masizi, kwa hivyo chuma kilicho chini ya magamba kimepungukiwa na ulinzi wake. Nilikuwa nimeagiza mtaro wa kukusanya chumvi kisha nikaondoa kinga ndani ya mtaro huo.

Nilikwenda hotelini nikaingia jikoni kutazama. Nikakuta la tatu. Madoa ya chai ndani ya birika wanayatoa kwa kuloweka usiku kucha katika dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Dawa ile ina klorini, na kuiacha usiku mzima juu ya stenlesi ni kuitesa. Kisha asubuhi wanasugua kwa sufi ya chuma, nayo inaacha chembe za chuma cha kawaida ndani ya herufi, na chembe hizo ndizo zinazoanza kuoza kwanza. Wala siwalaumu. Bibi yangu alikuwa aking'arisha madele ya shaba kwa ndimu na chumvi, na shaba ilitoka kama dhahabu. Dawa ya shaba ni sumu kwa stenlesi, na hakuna aliyetuambia.

Niliporudi nikachukua vifuniko vilivyobaki na kwenda kwa karakana nyingine, kwa fundi mwenye subira. Tukachonga viwili kama vile vya kwanza. Viwili tukavitia alama nyeusi kwa moto wa taratibu. Viwili vingine tukavitia alama kwa haraka na nguvu nyingi, maana nilitaka kuona tofauti. Nikavitundika nje kwa rafiki yangu anayekaa kando ya bahari Likoni, na kila jioni mwanawe akavimwagia kikombe cha maji ya bahari. Si utafiti wa chuo kikuu, ni vifuniko sita na kamba. Vilivyochongwa vilionyesha kutu kabla ya wiki mbili kwisha. Vilivyotiwa alama kwa pupa vikafuatia, vidoadoa vya kahawia ndani ya weusi. Vile viwili vya taratibu, baada ya siku 40, vilikuwa vimefifia kidogo tu.

Nasisitiza hivyo viwili vya katikati kwa sababu kuna watu wanaouza maneno kwamba kutia alama hakuleti kutu kamwe. Si kweli. Moto ukizidi, utando unakuwa mnene, unapasuka, na kromiamu inapungua chini yake kama kwenye kuchonga. Fundi mzuri hatumii moto zaidi ya ule unaotosha herufi kuwa nyeusi. Na baada ya hapo kazi haijaisha. Watengenezaji wa vyombo vya hospitali, ambao hawawezi kucheza na kutu, huvitumbukiza vyombo vyao katika asidi maalumu baada ya leza ili ngozi ya kromiamu ijengeke upya. Mojawapo ya asidi wanazotumia ni ile ile iliyomo ndani ya ndimu na limau, inayouzwa ikiwa unga mweupe. Lakini asidi hiyo huchanganywa na maji safi kwa kipimo, bila chembe ya chumvi, na chombo husuuzwa na kukaushwa. Usisome hapa ukaenda kukamua ndimu za achari.

Na stenlesi zenyewe si sawa. Zinazopita zaidi mikononi mwetu ni za namba 201, 304 na 316. Ya 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Ya 316 imeongezwa molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayostahimili chumvi vizuri zaidi, ndiyo maana wenye maboti huitafuta. Ya 201 imepunguzwa nikeli ikawekwa manganizi ili iwe rahisi, nayo huku pwani inachoka mapema. Kuna ile hila ya sumaku ambayo kila muuza duka anaijua: sumaku isiposhika, basi ni nzuri. Hila hiyo inakudanganya nusu. Itakutenga na zile za bei ya chini kabisa zinazoshika sumaku, lakini 201 na 304 zote kwa kawaida hazishiki. Mabirika yangu yalipita mtihani wa sumaku. Nilipobana karatasi za ununuzi, yalikuwa 201. Hapo nikaelewa kwamba hata kama nisingechonga, nilikuwa nimeanza vibaya.

Kutia alama nako kuna udhaifu wake, tusije tukageuza upande mmoja wa chapati tukasahau mwingine. Jina liko kwenye ngozi, kwa hiyo anayeing'oa ngozi ameling'oa jina. Mtu akipitisha msasa, au mpishi akisugua kwa nguvu kila siku pale pale, litapotea. Kwa birika la hoteli hilo si tatizo kubwa, jina likifubaa baada ya miaka sitalia. Kwa kitu ambacho mtu ana sababu ya kukifuta, habari ni nyingine.

Binamu yangu ni nahodha wa mashua ya kuvulia, naye aliibiwa injini ya mashua usiku, kama walivyoibiwa wengi katika bandari zetu ndogo. Baada ya miezi akaiona ikiwa kwenye chombo cha mtu. Aliijua kama mtu anavyomjua mwanawe: kovu la kwenye kifuniko, kamba aliyoibadilisha mwenyewe. Lakini kile kibati cha namba kilikuwa kimeng'olewa na stika zimebanduliwa, na kujua moyoni si ushahidi. Aliporudi nyumbani aliniuliza kama ile leza yangu ingemfaa kwa injini atakayonunua.

Alama ya juu juu haimfai hata kidogo. Dakika moja ya msasa na imekwisha. Kuchonga kwa kina kunafaa zaidi, hasa mahali pawili au patatu, pamoja na pale ambapo mwizi hapaangalii. Ila nilipozidi kuuliza nikajifunza jambo lililonishangaza: kwa kazi hii, mihuri ya chuma inayogongwa kwa nyundo, ile ile waliyokuwa nayo mafundi wa zamani, ina faida ambayo leza haina. Muhuri ukigongwa haufanyi shimo tu, unausonga chuma kilicho chini ya shimo. Mwizi akisaga mpaka uso ukawa laini, chuma kilichosongwa bado kiko chini, na wachunguzi wa polisi wanaweza kupaka asidi na namba ikajitokeza tena. Leza haigongi. Inayeyusha na kuondoa, na chini ya mfereji wake hapabaki athari kubwa, basi ukisagwa mpaka mwisho wa mfereji, kuirudisha namba ni kazi ngumu sana. Nikamwambia binamu agonge kwenye kipande kinene cha mkono unaoshika ubao wa mashua, asije akagonga kwenye ganda jembamba la injini likapasuka. Akacheka kwamba nimezunguka mji mzima kutafuta teknolojia nikamrudishia nyundo.

Kwenye mbao mambo yanageuka. Sisi hapa tunatengeneza pia miko, pawa na mbuzi za kukunia nazi, na juu ya mti nachonga bila wasiwasi. Mwale unachoma, unaacha makaa meusi na bonde dogo. Ukichoma juu juu tu, jina kwenye mwiko litaondoka baada ya sufuria kadhaa za ugali, maana makaa yanafutika. Ukizamisha kama nusu milimita, hata makaa yakiisha kovu linabaki na jina linasomeka. Mti wa mwembe ni laini na unachomeka upesi, mvule unataka subira zaidi. Bandika karatasi ya gundi juu kabla ya kuchoma, moshi usije ukatia doa pembeni, kisha paka mafuta. Hiyo ndiyo yote.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoingia. Yeye ana chama na wenzake sita, wameweka akiba, na wanataka kununua mashine wawe wakitutilia majina sisi wa karakana ndogo ndogo. Alikuja na picha kwenye simu.

"Mjomba, hii hapa. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya zile nyingine, na angalia, inaandika kwenye mbao, kwenye ngozi, kwenye chupa ya chai."

Nikamwambia, "Mwanangu, tazama hiyo chupa vizuri. Imepakwa rangi?"

Imepakwa. Na hapo pana siri ya picha nyingi za mtandaoni. Mashine ile ni ya dayodi, yenye mwanga wa buluu, na juu ya chupa iliyopakwa rangi inakwangua rangi tu mpaka chuma kikaonekana. Ni kazi halali na inapendeza, lakini si kuandika juu ya chuma. Kwenye picha nyingine chuma hupakwa dawa maalumu kwanza ili kishike joto.

Kila kitu kina mwanga kinaoupenda na mwanga kinaourudisha. Leza ya gesi ya kaboni ina urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, na mwanga huo mbao, ngozi, kioo na plastiki huumeza, lakini chuma kitupu hurudisha sehemu kubwa kama kioo cha kujitazamia. Leza ya faiba ni ya mikromita 1.06 hivi, mara kumi fupi zaidi, na hiyo chuma kinaimeza. Hiyo ndiyo ya mabirika. Haifai sana kwa miko. Kwa hiyo hakuna mashine moja ya kufanya kazi zote za mji, na chama cha vijana saba kikinunua ile ya buluu kwa matumaini ya kuandika kwenye stenlesi kitakuwa kimenunua mapambo.

Mpwa wangu alikasirika kidogo, nami namwelewa. Alikuwa amekwisha kuwaahidi wenzake. Lakini alirudi baada ya siku mbili na swali zuri: kwa nini majina kwenye matumbo ya madele hutoka safi katikati na kufifia pembeni? Jibu ni lile lile la kioo cha kukuzia. Ukikiinua au kukishusha, nukta inapanuka na karatasi haichomeki. Mwale wa leza nao una kimo chake. Tumbo la dele ni la mviringo, basi katikati ya jina iko karibu na herufi za mwisho ziko mbali. Kwa jina refu inatakiwa kifaa cha kuzungusha chombo taratibu huku mwale umesimama, na watu wengi huacha kukinunua wakidhani ni urembo. Kwa dele la shaba mimi bado napenda mkono wa fundi na tindo yake, lakini hiyo ni ladha yangu.

Nilimwonya pia mambo mawili ambayo wauzaji huyapitia haraka. La kwanza ni plastiki ya PVC, hii ya mabomba ya maji na ya ngozi bandia za pochi na mikanda. Ikichomwa na leza hutoa gesi ya asidi yenye klorini, inayochoma mapafu na kuila mashine yenyewe. Mteja ataleta pochi na kuapa ni ngozi. Usipokuwa na hakika, mrudishie. Mabati yenye zinki nayo hutoa moshi mbaya, kama wanavyojua wachomeleaji. La pili ni macho. Mwanga wa leza ya faiba hauonekani, na kwa kuwa hauonekani jicho halipepesi. Unapita moja kwa moja mpaka nyuma ya jicho, na panapoungua hapaponi. Miwani myeusi ya kuchomelea haitoshi, inatakiwa miwani iliyoandikwa namba ya urefu wa wimbi wa mashine ile ile. Nimeona vijana wakichungulia mwale kwa udadisi huku wakicheka. Na paipu ya kutoa moshi nje iwe imefungwa kabla ya siku ya kwanza ya kazi, si baada ya kupata faida.

Kuhusu jina lenyewe, wengine huniuliza kama kuchongwa kunawalinda na waigaji. Hakuwalindi. Aliye na mashine kama yako anaweza kuandika jina lako kesho. Linalokupa haki ni kusajili alama yako ya biashara katika taasisi ya haki miliki, KIPI, kisha ndipo ukiigwa unaweza kwenda na karatasi kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Na mteja akikuomba umwekee alama ya ubora ya KEBS kwenye bidhaa zake, mwombe kibali chake kwanza. Akisema atakuletea baadaye, mwambie na bidhaa alete baadaye.

Hoteli ilikubali tusirudishe pesa bali tulete mengine, awamu kwa awamu. Safari hii nimenunua 304, na karatasi nimeisoma kabla ya kulipa. Jina limetiwa kwa moto wa taratibu, chini kidogo ya mdomo wa birika ambapo maji hayatuami, likasafishwa kwa asidi na kusuuzwa kwa maji ya mvua ya tangi letu. Nimewapelekea wahudumu wa jikoni karatasi ya maneno machache: sabuni, sifongo, maji safi, kausha. Madoa ya chai yatolewe kwa magadi ya kuokea, na ile dawa ya nguo ibaki kwa nguo. Mabirika 20 ya kwanza yamekaa huko tangu mwezi wa Desemba. Ile mitaro ya herufi kwenye mabirika ya zamani nimeisaga moja moja mpaka ikaisha, nayo tunayatumia hapa karakana kunywea kahawa, wala hayana jina la mtu yeyote.

Chama cha mpwa wangu hakijanunua mashine bado. Wameamua kukodi saa za faiba kwa fundi yule mwenye subira kwa miezi sita, waone kazi inayokuja ni ya mbao zaidi au ya chuma, kisha ndipo watoe pesa.

Vifuniko viwili vya Likoni havijateremshwa. Mtoto wa rafiki yangu amezoea kuvimwagia maji, na anasema ataacha siku vitakapooza.